Isale la Diwani

Kiti cha mzee Leonce kilikuwa katikati ya barabara, na mzee mwenyewe alikuwa amekikalia, amekunja nne kama yuko sebuleni. Mbele yake greda lilinguruma bure. Ronald, dereva wake, alikuwa ameshuka zamani na kujitafutia kivuli migombani, maana kazi yake ni kuchonga barabara, si kuhamisha wazee.

Diwani Mektrida alipanda mlima akihema ndani ya viatu vya ofisini, na kila aliyekutana naye alimkumbusha kwamba greda linarudi mjini jioni. Kana kwamba hajui. Barabara hii ndiyo aliyowaahidi watu wa Kilema alipoomba kura, maana masika wajawazito hubebwa kwa machela mpaka kwenye lami. Greda likiondoka leo, linakwenda kata nyingine.

Kosa aliliona kabla hajafika. Masale, mimea ya heshima iliyoweka mpaka wa kihamba, shamba la migomba la mzee, yalikuwa yamelala pembeni, mizizi juu. Mektrida aliona aibu, aibu ya kweli. Mchagga gani anang'oa masale ya mwenzake bila kubisha hodi? Habari ya barabara aliitangaza mkutanoni kwa kipaza sauti, watu wakapiga makofi, akadhani yamekwisha. Nyumbani kwa mzee hakukanyaga.

Akatoa shikamoo, akapewa marahaba kavu. Kisha mzee akaanza historia, na historia ya mzee Leonce haina njia ya mkato. Baba yake alikuwa mchili, mkuu wa mtaa huu enzi za mangi, madiwani wakiwa bado hawajulikani. Ndiye aliyeipitisha njia hii. Alizunguka nyumba kwa nyumba, jani la isale mkononi, akiwaomba watu kipande cha kihamba, na cha kwanza kukatwa kilikuwa chake. Masale hayo yaliyolala hapo aliyapanda siku hiyo.

"Mimi sijakataa barabara, mama," mzee akasema. "Nimekataa kutoombwa."

Mektrida akakiri amekosa, akaomba msamaha. Mzee akaitazama mikono mitupu ya diwani. Huku msamaha mzito huombwa kwa isale, na aliyeletewa isale hakatai. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Diwani akaangaza huku na huku. Masale ya karibu yalikuwa hayohayo aliyomng'olea mtu, na kumwomba mtu radhi kwa mali yake iliyoharibiwa ni kumtukana mara ya pili.

Mzee alimwacha ahangaike, na ilionekana wazi kwamba anafaidi. Kisha akainuka, akaingia uani, akarudi na jani bichi alilolifunga fundo kwa mkono wake, akampa.

"Haya. Sasa niombe."

Mektrida alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akapiga goti, akalirudisha kwa mikono miwili, na mzee akalipokea kwa uso mkavu, utadhani halijui. Halafu akaondoa kiti chake.

Greda likapita. Nyuma yake diwani alivua viatu, akaomba jembe, akaanza kuyapanda upya masale ya mchili kwenye mpaka mpya. Mzee alimtazama akipanda la kwanza, akaliinamia, akaling'oa. Mektrida akaachia jembe.

Mzee akapiga hatua moja kuingia kihambani kwake, akalichomeka hapo.

"Baba alipimia watembea kwa miguu," akasema. "Siku hizi kuna magari, na lazima yapishane."