Uvimbe Shingoni mwa Baba Mkwe

Jumatano asubuhi Dakta Sekela, aliyekuwa likizo, alikuwa barazani kwa wakwe zake kijijini Matwebe, akimenya ndizi za mchana, kofia ya baba mkwe wake ikapita uani. Chini ya kofia hapakuwa na mtu. Sekela akainamisha kichwa, akavuta kitenge usoni kama inavyotakiwa, akaendelea kumenya.

Kwa mila ya huko, mke hamwangalii baba wa mume wake. Mzee akikaribia anakohoa, na mkwe anapisha njia. Sekela alipisha miaka kumi na minane. Mwaka wa tatu tu mzee Asukile alikuwa ameshatoweka machoni pake, zimebaki kofia na fimbo. Alipomweleza mama mkwe wake, mama alisema, "Ni kawaida, mwanangu. Mimi wangu nilimwona siku ya kumzika."

Jambo hilo ndilo lililompa Sekela shahada yake ya uzamivu katika saikolojia. Maana kazi ya huyu mwanamke, kama hukujua, ni kuchunguza jinsi jicho linavyoangalia bila kuona. Aliwaketisha wanawake mbele ya kompyuta yenye kamera inayofuata mboni, akawaambia wahesabu mikungu ya ndizi inayopakiwa kwenye lori. Katikati ya picha akapitisha wazee watano wa rika la baba wakwe zao, ambao nao kwa mila hawaangaliwi. Walioolewa walihesabu mikungu yote sawasawa, na hakuna aliyeona mzee hata mmoja. Mboni ziliwazunguka wale wazee kama maji yanavyozunguka jiwe. Sekela alisafiri na matokeo hayo mpaka ng'ambo, akapigiwa makofi. Waliuliza maswali mengi sana kule, wasomi hawachoki, lakini hakuna aliyeuliza wale wazee wanajisikiaje.

Jumatano hiyo kofia ilianguka karibu na banda la ng'ombe, haikuinuka. Isakwisa, mume wake, alikuwa kazini Dodoma, na mama mkwe ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Jirani yao Amoni akambeba mzee mpaka kwenye gari. Sekela akaendesha hadi hospitali ya Igogwe, akisikia pumzi nzito kwenye kiti cha nyuma kitupu.

Daktari Godwin akapapasa hewa juu ya kitanda.

"Huu uvimbe shingoni umeanza lini?"

"Sijui," Sekela akasema.

"Si huwa mko naye?"

"Kila mwisho wa wiki."

"Umeshakuwa kama parachichi, dada yangu. Mwaka jana ulikuwa unaonekana kabisa, na mwaka jana tungeweza kuutoa."

"Mimi simwoni, daktari. Ni baba mkwe wangu."

Daktari akaandika kwenye faili kwamba msindikizaji ni mkwe, akafungua ukurasa mwingine.

Sekela alichanganyikiwa, tena sana. Hakujua kama ni mila iliyomficha mzee, au ni yeye mwenyewe aliyeridhika asimwone kwa sababu kutomwona kulimpa kazi. Akishika jibu hili, lile linamponyoka. Alichojua ni kimoja: alitaka kumwona huyu mtu kabla hajafa, amwombe radhi usoni.

Siku ya tatu akavuta pazia, akasimama kando ya kitanda.

"Baba, naomba nikuangalie."

Shuka likasogea.

"Angalia," sauti ikasema. "Kosa likiwepo ni la kwangu."

Akainua macho. Vilianza vidole, kikafuata kifua chembamba, kisha uvimbe wenyewe, mwisho uso. Mzee alikuwa na mwanya, sawasawa na wa Isakwisa. Hakuna aliyewahi kumwambia. Sekela akalia.

"Nisamehe, baba. Ningekuona mapema, ungepona."

Mzee akageuza kichwa polepole. "Umesimama wapi?"

"Hapa. Mbele yako."

Macho ya mzee yakaja, yakafika begani kwake, yakamzunguka, yakatulia upande wa pili. Sekela aliujua mwendo huo. Alikuwa ameupima kwa miaka mingi.

"Naona ukuta," mzee akasema. "Basi, mwanangu. Nimejaribu."

Mchana Isakwisa alipiga simu. Nesi Gloria akaiweka kwenye sikio la mzee, huku Sekela akimlisha uji.

"Sijambo," mzee akamwambia mwanawe. "Ila upweke. Tangu niletwe hapa sijaona mtu wa nyumbani."

Akafungua kinywa, kijiko kikaja. Sekela akachota kingine, akakipuliza kwanza, maana uji ulikuwa bado wa moto.