Mmiliki wa Shamba Namba Arobaini na Moja

Jumatatu saa tatu asubuhi, Abdihakim, karani wa mradi wa maji pale Garsen, alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri kwenye kompyuta, akajaribu kwa mara ya saba kuliandika shamba kwa jina la Mwanaarusi. Mjane huyo alikuwa ametoka kijijini Kulesa kwa boda. Miche yake ya mpunga ilikuwa inakauka, kwa sababu asiye na shamba hafunguliwi mfereji.

Kompyuta ilijibu kama juzi: anayeweza kuhamisha shamba ni mmiliki peke yake. Mmiliki: Baba Bilal.

Kosa lilikuwa la adabu. Miaka mitatu nyuma, vijana wa mradi walipopita wakiuliza shamba ni la nani, mumewe alikuwa hai, na mke mwenye heshima zake hatamki jina la mume. Mwanaarusi akasema ni la Baba Bilal, mwanawe wa kwanza akiitwa Bilal. Wakaandika hivyo hivyo kwenye blokcheini, daftari ambalo nakala zake zimetawanyika kwenye kompyuta za dunia nzima na hakuna awezaye kulifuta. Sifa hiyo ndiyo waliyoivumisha zaidi mkutanoni. Daftari lisilokubali kusahihishwa, na watu wazima wakalipigia makofi!

"Mama, mtaje kwa jina lake," Abdihakim alisema. "Nijaribu nalo."

Mwanaarusi alitazama sakafu. Tangu aolewe hakuwahi kulitamka, hata siku ya mazishi.

"Dhadho," alisema. "Dhadho Komora."

Abdihakim akaliandika. Kompyuta ikajibu kwamba mtu huyo hayupo, kisha ikaongeza mstari mmoja: mmiliki yuko njiani.

Baba Bilal aliingia kabla ya adhuhuri. Alikuwa mtu wa makamo, kanzu safi, viatu havina vumbi. Kitambulisho chake kilionyesha kwamba alizaliwa siku ile shamba lilipoandikwa, kwa hiyo alikuwa na miaka mitatu na mvi kidogo. Abdihakim alimpa kiti.

Mwanaarusi alimweleza shida yake. Alisikiliza kwa upole, akasema angependa sana kusaidia, ila shamba ndilo lililomzaa, na akilitoa hatakuwa na pa kukaa duniani. Abdihakim alikubali kwamba neno hilo lina maana. Mwanaarusi alikasirika. Miaka ishirini na miwili ameshika jembe pale, na hakuna amri hata moja inayolijua jina lake.

Alhamisi mfereji ulifunguliwa kwa idhini ya Baba Bilal. Kulesa walimpokea vizuri, wakamtandikia mkeka, wakampa samaki na wali. Mwanaarusi naye alipewa hongera nyumba kwa nyumba, maana tangu zamani majirani humwita Mama Bilal.

Ijumaa asubuhi alichukua miche yake, akaenda mpaka ukingoni mwa shamba. Akapiga hodi, akangoja.