Sindano ya Papa Lambert

Papa Lambert alikuwa na siri moja, na aliilinda kama mama anavyolinda moto wa jiko siku ya mvua. Hakuwa akiliona tena tundu la sindano.

Kwa fundi cherehani hilo si jambo dogo. Alikuwa fundi tangu Bukavu alikozaliwa, akishona suti za maharusi na kanzu za mapadri. Vita vilipomtoa kwao alishuka nchi baada ya nchi mpaka Johannesburg, na huko akapata kiti katika kiwanda cha ovaroli, ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu karibu na Joubert Park. Kiti hicho ndicho kilichomlisha yeye na mkewe, Masika, katika chumba chao cha Rosettenville. Sasa ukungu ulikuwa umeingia macho yote mawili. Kitambaa alikiona, mshono aliufuata kwa vidole, watu aliwajua kwa sauti na mwendo. Lakini tundu la sindano ndilo lililomtoroka kabisa.

Kiwanda chenyewe hakikuwa na huruma. Asubuhi geti la vyuma lilifungwa kwa nje, na halikufunguliwa mpaka jioni ila kwa amri. Mwenye kiwanda alisema anaogopa wezi. Wafanyakazi hawakuuliza zaidi, maana wengi wao karatasi zao za ukimbizi zilikuwa karibu kuisha muda, na mtu wa namna hiyo hujifunza kunyamaza. Vumbi la pamba liliwakaa kooni mwaka mzima. Ikifika Juni, baridi ilipanda kutoka sakafuni ikawashika magoti.

Na wote walikumbuka ya Gustave. Kijana yule sindano ilimpita kwenye ukucha asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshatolewa nje na plasta yake, kiti chake kimekaliwa na mtu mwingine. Aliyemfungulia geti ni Mama Jocelyne, msimamizi wao, mwanamke mrefu wa Lubumbashi mwenye kubeba funguo kiunoni. Tangu siku ile, Lambert akisikia funguo hizo zikilia nyuma yake, mgongo wake ulinyooka wenyewe.

Basi alijilinda kwa ujanja wa mafundi. Rili ya uzi ikikaribia kwisha, hakuuacha uzi utoke kwenye mashine. Aliukata juu, akaufunga mwisho wake na uzi mpya kwa fundo dogo kama chembe ya mtama, kisha akavuta polepole mpaka fundo likapita tunduni na uzi mpya ukafuata. Kwa njia hiyo angeweza kushona wiki nzima bila kutunga sindano hata mara moja. Ila uzi ukikatika penyewe, pale chini kwenye sindano, ujanja ulikuwa umefika mwisho.

Siku ya kwanza ulipokatika hivyo, aliinama akijifanya anatafuta mkasi. Alipoinuka, uzi ulikuwa umeshatungwa. Jirani yake wa kulia, Zubeda, mama wa makamo kutoka Tanga, alikuwa anashona zake wala hageuki. Ikawa desturi yao. Uzi ukikatika, Lambert anatafuta mkasi; akiinuka, mambo yamekwisha. Hawakuwahi kulizungumza. Lambert alijua kwamba Zubeda anajua, na akajiambia kwamba siri ya watu wawili bado ni siri.

Kisha ikaja Idi, nayo iliangukia siku ya kazi. Zubeda aliomba ruhusa akaswali kwenye msikiti wa Mayfair pamoja na jamaa zake, na Mama Jocelyne akampa, kwa sharti kwamba kazi ya siku ile isipungue. Lambert aliona ni ruhusa ya ajabu. Alishangaa zaidi asubuhi ile, aliposikia funguo zikija, zikazunguka, halafu zikatulia hapo kulia kwake. Msimamizi alikuwa ameketi kwenye kiti cha Zubeda ili kuijaza nafasi yake yeye mwenyewe.

"Bonjour, Papa Lambert."

"Bonjour, Mama."

"Leo mimi ndiye jirani yako. Unijulie hali."

Lambert alishona kama mtu anayetembea juu ya mayai. Haikusaidia kitu. Kabla ya chai uzi ulikatika, chini kabisa. Hakuthubutu kutafuta mkasi mbele ya mwanamke yule, kwa hiyo alinyanyuka akaenda chooni, akasimama mbele ya ukuta akimwomba Mungu asimwaibishe. Aliporudi akapapasa sindano. Uzi ulikuwa ndani.

Alidhani ni Célestine, binti wa meza ya nyuma, ndiye aliyepita. Akashukuru moyoni akaendelea. Baadaye ukakatika tena. Akaenda tena chooni, akarudi, akaukuta umetungwa tena. Mama Jocelyne alikuwa anashona kwa kasi, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani.

Mara ya tatu ulikatika wakati mbaya kuliko zote. Mlango wa ofisi ulifunguka, mwenye kiwanda akatoka akipita katikati ya mistari kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Cherehani ya Lambert ilikuwa kimya. Viatu vikasimama nyuma yake.

"Hii kwa nini imesimama?" mwenye kiwanda aliuliza kwa Kiingereza.

 Lambert alimfikiria Masika. Alilifikiria geti.

"Mashine inasumbua, bosi," akajibu Mama Jocelyne bila kuinua kichwa. "Sindano imepinda. Mimi ndiye niliyemwambia asimamishe." Kisha akahamia Kiswahili, taratibu, "Sogea kidogo, Papa."

Akainama mbele yake, akalegeza sindano, akairudisha ileile, akalamba ncha ya uzi na kuupitisha tunduni. Mashine ikalia. Viatu vikaenda zao, na mlango wa ofisi ukajifunga.

Lambert aliegemea upande wa kulia.

"Mara zile mbili," alisema kwa sauti ndogo, "ni wewe?"

"Ni nani tena? Ungeenda chooni mara nyingine, watu wangesema Papa Lambert amekula maharage mabaya."

"Basi unajua."

"Mstari mzima unajua, Papa. Zubeda alipoomba Idi, Célestine alikuja kuniuliza nani atakaa karibu nawe. Unafikiri kwa nini unapewa miguu ya ovaroli siku zote, mishono mirefu iliyonyooka? Unafikiri ni bahati?"

Lambert alikuwa kweli amefikiri ni bahati.

"Na Gustave?" akauliza mwishowe, kwa kuwa neno hilo lilikuwa limemkaa rohoni mwaka mzima.

Mama Jocelyne alikata uzi wake kwa meno. "Gustave niliamriwa nimtoe, na nilikuwa na wiki moja tu kwenye usimamizi. Nilifungua geti. Ile haijanitoka. Wewe sijaamriwa, na nikiamriwa nitachelewa kusikia. Sasa shona, kazi ya Zubeda na yako haziwezi kunilemea zote mimi."

Jioni ile Lambert alimweleza mkewe yote, kwa aibu.

"Mimi nilijua tangu Pasaka," alisema Masika akimkorogea sombe, mboga ya majani ya muhogo. "Uliingia ukaliamkia koti langu pale mlangoni. Ukaliuliza na habari za sokoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Koti lilikuwa halijajibu. Nilingoja uulize mara ya pili."

Wakacheka wote wawili, na Lambert akatambua kwamba hakuwa amecheka hivyo tangu baridi ianze.

Kesho yake Zubeda alirudi na kopo la kaimati kwa ajili ya mstari mzima, na Lambert akapewa za kwanza. Kopo lilipozunguka mstari mzima na kumrudia likiwa tupu, Zubeda akasogeza kiti chake.

"Mzee wangu, usinikasirikie. Jana pale msikitini nimelitaja jina lako."

"Mimi Mkristo, mama."

"Najua. Kuna madaktari wanajitolea, wanatoa mtoto wa jicho bila malipo. Nikawaambia nina jirani yangu kazini, fundi, haoni."

"Hawakuuliza dini?"

"Waliuliza jicho lipi. Nikasema yote mawili. Wakasema waanze na lililo baya zaidi, uende wiki ijayo."

Lambert alishika kopo tupu asijue aliweke wapi. Aliuliza atamshukuru vipi, na Zubeda akamwambia arudishe kopo, kwa kuwa ni la dada yake.

Lakini kutoka wiki nzima kiwandani pale kulikuwa sawa na kuaga moja kwa moja. Ndipo Mama Jocelyne alipofungua cherehani ya Lambert, akauchomoa mkanda unaoizungusha, akaufungia kwenye mfuko wake wa chakula. Akaenda ofisini kuripoti kwamba mashine ile imekufa na kifaa chake kinasubiriwa, kwa hiyo fundi wake akae nyumbani, asije akakaa bure. Mwenye kiwanda alikasirika na mashine, akaitukana sana. Fundi hakumtaja.

Madaktari walimfanyia jicho la kushoto. Bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza alichokiona Lambert ni Masika amesimama mbele yake na lile koti mkononi, akimwuliza yupi ni yupi.

"Wewe ndiye mwenye meno," alisema Lambert, na machozi yakamtoka, jambo ambalo nesi alimkataza.

Jumatatu alirudi kazini. Mkanda ulikuwa umepata nafuu na kurudi mahali pake. Lambert aliketi akatazama ukumbi ambao kwa miaka miwili ulikuwa moshi mtupu. Aliona kwamba Célestine ana mwanya, na kwamba funguo za Mama Jocelyne zimefungwa kwa utepe mwekundu. Alimtazama na Zubeda. Alikuwa mzee kuliko sauti yake. Alivaa miwani ambayo mkono wake mmoja umefungwa kwa uzi, na alikuwa ameinamia cherehani yake mpaka pua ikakaribia sindano, akijaribu, akikosa, akilamba uzi, akijaribu tena.

Miaka yote ile mama huyu alikuwa akitunga sindano mbili kwa macho hayo.

"Sogea kidogo, mama," alisema.

Alikosa mara ya kwanza, maana jicho lilikuwa geni bado. Mara ya pili uzi ukapita. Zubeda alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Haya," alisema, "lakini usije ukanizoesha vibaya."

Nyuma yao funguo zililia. Mgongo wa Lambert ulibaki ulivyo, na mashine mbili zikaanza pamoja.