Kozi ya Mama Mkwe

Pua ya Kebo ilivunjika Ijumaa saa nne na nusu asubuhi. Ngumi ilikuwa ya Rula, lakini aliyeivunja ni mimi. Nawaeleza mwenyewe, maana pale kiwandani habari hii ina matoleo mengi kuliko sufuria tulizowahi kutengeneza, na kila mtu anaapa alikuwepo, hata waliokuwa likizo.

Rula ni msimamizi wa karakana. Jina alilipata kwa rula ya chuma ya kupimia bati, ambayo haipimi bati hata siku moja. Kazi yake ni vifundo vya vidole vya watu. Umechelewa, vifundo. Umecheka, vifundo. Mzee wetu wa kung'arisha sufuria alichanwa sikio kwa kosa la kwenda msalani mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Tulimwogopa mtu yule kama ukoma, na akipita tulimchekea kama bwana harusi.

Kebo yeye ni mgeni. Aliletwa na kampuni iliyotuuzia mfumo wa mafunzo, na jina tulimpa kwa zile nyaya alizojizungushia shingoni kama shada. Kuanzia Jumatatu, kila mfanyakazi angesoma kozi zake kwenye simu, afanye mtihani, na asipofaulu kadi yake isifungue lango la karakana. Kabla ya hapo kulikuwa na wiki mbili za maandalizi: kuvuta nyaya, kuingiza majina, namba za kadi, namba za simu, na kuhamisha rekodi za zamani kutoka kwenye madaftari. Karani wa rekodi ni mimi. Tukawekwa chumba kimoja juu ya karakana, feni moja, kompyuta mbili, madaftari kumi na moja. Siku ya pili nilishajua mama yake anaumwa nini na mchumba wake wa kwanza kaolewa na nani.

"Dada, wewe utakuwa mwanafunzi wangu wa majaribio," aliniambia. "Ukielewa wewe, wataelewa wote."

"Hapo umenisifu au umenitukana?"

"Chagua unalopenda."

Basi nikasoma kozi ya presi. Presi ndiyo ile mashine kubwa inayokandamiza bati likawa sufuria. Watu wanaiita Mama Mkwe, kwa kuwa humkaribii ovyo na hujui amenuna au la. Somo la kwanza kabisa lilikuwa na picha: kitufe chekundu cha dharura, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya chai, nguzo ya kushoto, usawa wa kiuno. Ukikibonyeza, mashine inaganda hapo hapo.

Miaka tisa niko pale, sijawahi kukiona. Mchana nikashuka. Nguzo ya kushoto, usawa wa kiuno, palikuwa na kopo la rangi limegeuzwa na kufungwa kwa waya.

"Kopo hili la nini?" nikamuuliza fundi wa zamu.

"La Rula. Anasema watu hugusa vitu kwa viwiko kazi ikasimama. Usiliguse, utapata vifundo."

"Sasa mashine mnaizima vipi?"

Akanionyesha swichi kuu ukutani, upande wa pili. Nilizihesabu hatua. Arobaini.

Hatua arobaini ndizo alizokimbia mtu siku Mama Mkwe alipomla kaka yangu mkono wa kulia. Kaka aliyenilea, aliyeuza baiskeli yake nisome ukarani. Tarehe kumi na mbili ya mwezi uliopita, mkono mpaka kwenye kifundo, na yule aliyekimbilia swichi alipofika ukutani, kichwa cha presi kilikuwa kimeshuka mara tano.

Ijumaa hiyo saa tano Meneja alikuwa anatoa uamuzi. Rula alishaandika kwamba kaka alifundishwa vizuri, akafanya uzembe mwenyewe. Barua ya kumfukuza ilishachapwa, niliiona kwa macho yangu. Na mtaani, unajua watu, walishaanza: alikuwa amelewa, alikuwa anachezea simu. Kaka hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha. Mkono ulishakwenda, kilichobaki kwake ni kazi na jina, na vyote viwili vilikuwa vinakwenda saa tano.

Sasa niwaambie mafunzo yalivyokuwa yanafanyika kwetu. Hayakuwa yanafanyika. Kila mwisho wa mwezi Rula alikaa na kikombe cha chai na kalamu tano za rangi mbalimbali, akatusainia wote, huku akilaza mwandiko mara kulia mara kushoto. Alama alitoa tisini na mbili kwa kila mtu, mia ingeshtua. Tulijua wote. Mimi pia nilijua, na nilipiga muhuri.

Alhamisi nilipokuwa naingiza daftari la mwezi uliopita, nikafika kwenye jina la kaka. Kozi ya usalama wa presi. Amehudhuria. Alama tisini na mbili. Sahihi. Tarehe kumi na nne.

Kumi na nne! Siku hiyo mkono wake ulikuwa ndani ya ndoo hospitalini.

Ijumaa asubuhi nikamwonyesha Kebo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Dada, mimi nahamisha tu. Mfumo unakula unacholishwa." Halafu akarudia lile aliloniambia kila siku. "Kabla ya kupakia rekodi za zamani, zima ujumbe. Hapa. Ikiwa kijani, kila mtu atapongezwa kwenye simu yake kwa kozi zote za nyuma. Kiwanda kizima kitalia." Akateremka kushughulikia waya wa langoni.

Hazikupita dakika tano, mlango ukafungwa nyuma yangu.

"Karani," Rula akasema. "Daftari la mwezi jana lina kosa. Kumi na nne iwe mbili."

"Kalamu iliyokosea ni ipi kati ya zile tano?"

Ulimi wangu huo, mama aliulalamikia mpaka anakufa. Rula ilishuka. Sikuiona ikipanda. Vifundo viwili vya mkono wa kushoto vilifunguka kama kauri, damu ikaingia katikati ya herufi za kompyuta. Akaigandamiza rula shingoni mwangu, upande wenye makali.

"Badilisha. Pakia. Halafu daftari nakwenda kulichoma. Au unataka mfanane, wewe na kakako?"

Rula anajua kupiga, kompyuta haijui. Kwenye kompyuta nilikuwa na nakala mbili za rekodi za daftari lile. Moja nikaibadilisha mbele ya macho yake, kumi na nne ikawa mbili, akaguna kwa kuridhika. Nyingine ndiyo niliyoipakia. Kile kitufe cha ujumbe kilikuwa kijani. Nilikitazama kwa muda wa pumzi moja. Nikakiacha.

Akakwapua daftari, akatoka.

Simu ya kwanza ililia chini karibu na tanuri. Ya pili. Halafu zote, kama vyura baada ya mvua. Nikasikia watu wanasomeana: "Hongera! Umefaulu kozi ya usalama wa presi!" "Hata mimi! Tisini na mbili!" "Mimi nafagia, presi naijulia wapi?" Kicheko kikapanda, kisha kikakatika ghafla. Mtu mmoja alikuwa amesoma tarehe: kumi na nne, siku mbili baada ya mkono wa kaka.

Kaka alikuwa kwenye benchi la chini, akisubiri kuitwa juu kwa Meneja, shati jeupe, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Alikuwa anaisoma simu yake taratibu Rula alipopita na daftari kwapani.

"Bosi," kaka akamwambia, mbele ya watu, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. "Tarehe kumi na nne nilisaini kwa mkono upi?"

 Rula aligeuka akapanda ngazi mbili mbili, na kwenye ngazi akakutana na Kebo anayerudi mbio, maana naye simu yake ililia. Ngumi ya kwanza ndiyo ile ya pua. Nilisikia mlio wake, kama kuvunja muwa. Ya pili ilimtoa miwani. Kisha Rula akaivunja kompyuta ndogo aliyoishika Kebo kwenye ukingo wa ngazi na kumalizia kwa rula kichwani kwake, mara tatu, mpaka ngozi ikafunguka.

"Nani alikutuma? Nani?"

Kebo alinitazama kupitia bega la Rula. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mkono wangu unavuja. Alijua. Akameza damu, akasema, "Nilisahau kuzima. Kosa langu."

Ndipo wakaja. Sikuwahi kujua karakana ina watu wengi kiasi kile. Walimshika Rula miguuni, wakamvuta chini, na kichwa chake kikahesabu ngazi kumi na tatu bila kuruka hata moja. Wakampiga kwa viatu, kwa mishikio ya sufuria, kwa nyundo za mbao. Mzee wa kung'arisha, yule wa sikio, alimkanyaga vidole kimoja kimoja, polepole, kama anayesaga tumbaku. Meno mawili yaliruka yakaingia kwenye pipa la mabaki ya bati.

Kisha sauti ikasema, "Kwa Mama Mkwe! Na yeye afanye kozi!"

Wakaiwasha. Kichwa cha presi kikapanda, kikashuka, sakafu ikatetemeka. Kinashuka kila ukihesabu nne. Wanaume sita wakamlaza Rula kifudifudi, wakaunyoosha mkono wake wa kulia mezani.

"Kopo!" Rula akapiga kelele. "Kopo, jamani! Toeni kopo!"

"Anataka chai!" wakacheka. "Mletee na kalamu zake tano!"

Kaka alijitupa katikati yao, akiwavuta kwa mkono mmoja. "Mwacheni! Msimfanye kama mimi! Mwacheni!" Wakamsukuma akaanguka. Meneja akatokea juu kwenye roshani, uso umemsawijika. "Zimeni mashine! Nasema zimeni!"

Watu arobaini na mmoja wenye tisini na mbili wakatazamana. Mmoja akaanza kukimbilia ukutani, akateleza kwenye damu.

Mimi nilishateremka, nilikuwa kwenye nguzo ya kushoto.

Moja, mbili, tatu, nne. Presi ikashuka.

Nikaling'oa kopo, waya ukakatika, nikabonyeza kwa kiganja. Mama Mkwe akaganda hewani, akinguruma kwa ndani. Mkono wa Rula, ambao walikuwa hawajauingiza wote, ulikuwa mzima isipokuwa kidole cha mwisho, ambacho hakikuwa tena kidole.

Meneja aliteremka. Akakitazama kile kitufe kirefu kirefu. Kilikuwa kipya, kimebandikwa bado ile karatasi laini ya dukani. "Nani hapa alikuwa anajua?"  Barua ya kaka aliichana pale pale, vipande vikaangukia damuni.

Kaka akanisogelea. "Mdogo wangu, hiki kilikuwepo siku zote?"

"Kilikuwepo, kaka."

Akakiwekea kigutu chake juu, kwa upole, kana kwamba anapima kama kingemfikia. Kingemfikia. Akalia kwa sauti ambayo sikuisikia hata siku ya kumzika mama.

Askari walimbeba Rula, na wengine wanne nao, mzee wa sikio akiwemo. Kebo alifukuzwa kazi kwa kusahau kuzima ujumbe, na nilipokwenda kumwona nyumbani kwao na pua yake imefungwa, nilianza kusema akanikatiza. "Dada, kunywa chai."

Kiwandani wananisifu. Wanasema nilikuwa mbali, nikawapenya watu wote wale kishujaa, ndiyo maana nikachelewa pigo moja.

Sikuwa mbali. Kiganja changu kilikuwa juu ya kopo toka nilipohesabu moja.