Pointi za Dada Nelda

"Ukiwa hewani mimi nawapigia benki waifunge kadi yako," Nelda alisema. "Ukija kutua, hiyo kadi itakufaa kuchorea mstari wa chaki kwenye kitambaa tu."

Ofelia alikuwa na pini mdomoni. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, akikunja koti la mwisho kati ya tisa, vifungo vikiangalia ndani ili visikwaruzane. Makoti ya mariachi, wale wanamuziki wa Kimexiko, ni mafupi, yanaishia kiunoni, na anayejua kukunja huyaingiza yote kwenye sanduku dogo la kupanda nalo ndani ya ndege. Sketi na suruali zilishatangulia kwa posta. Makoti hayatumwi kwa posta. Hilo Ofelia alilisema tangu zamani, na dukani hapo hakukuwa na wa kumbishia isipokuwa dada yake, ambaye ndiye aliyemfundisha.

Sisi wa upande wa magharibi wa mji wa San Antonio tunawajua vizuri hawa kina Treviño. Nelda, mkubwa, ndiye aliyekuwa na mkono wa sindano. Alidarizi maua kwenye mabega ya wanamuziki mpaka watu wakawa wanaingia dukani kutazama tu, hawana hata cha kushona. Kisha baridi yabisi ikamkamata vidole. Hakulia wala hakuomba kuhurumiwa. Alihamia upande wa pili wa meza akawa mtu wa hesabu, na tangu hapo hasahau kitu. Anakumbuka bei ya uzi ya mwaka ambao mimi sikumbuki hata nilikuwa naishi wapi. Sindano ikabaki kwa Ofelia, na safari pia. Kokote Wamexiko walikofuata kazi ya kuchuma mashambani, majimbo ya Idaho, Illinois, Washington, watoto wao wameanzisha bendi shuleni, na bendi inataka makoti. Safari hii ilikuwa bendi ya shule moja ya Washington, watoto tisa.

Kwa ajili ya safari hizo benki ilimpa Ofelia kadi ya mkopo ya wafanyabiashara, nzito, ya chuma, ambayo kila ukinunua nayo unapata pointi za kulipia tiketi za ndege. Mwaka huu ada yake ilipanda, na siku ya kukatwa ilikuwa imewadia. Ya mwaka mmoja tu ingenunua cherehani nzuri ya mitumba.

"Hebu niambie," Nelda alisema. "Hoteli za kifahari za kadi hiyo, umelala ngapi?"

"Wazazi wa watoto hawakubali nilale hotelini, dada. Unajua."

"Najua. Unalala kwenye kochi lao na kushiba tamale zao za mahindi. Gari la kuletewa na dereva, umepanda? Punguzo la mchezo wa gofu, umecheza?"

"Kuna ukumbi wa mapumziko wa wenye kadi, pale uwanja wa ndege. Nashona vifungo pale. Taa zao nzuri."

"Taa. Tunalipa ada ile kwa ajili ya taa."

Na alikuwa na haki, lazima nikiri. Kadi ile ilitengenezwa kwa ajili ya watu wengine.

"Na pointi?" Ofelia aliuliza.

"Zigeuze pesa tubadilishe cherehani ya bitana."

"Pointi ni za Sevilla."

"Sevilla itanikuta kaburini. Ondoka, utachelewa ndege."

Huko Sevilla, Hispania, kuna mafundi wanaoshona mavazi ya wapiganaji wa fahali, dhahabu juu ya hariri, mshono juu ya mshono. Nelda alitamani kuwaona tangu akiwa msichana. Hajawahi kupanda ndege hata ya kwenda Dallas, hapa karibu. Ofelia alikuwa akimwekea pointi kidogo kidogo kwa miaka, kila tiketi na kila jora la kitambaa, zifike za kununua viti viwili vya mbele, vile vinavyolazwa vikawa kitanda, maana mgongo wa Nelda haukubali kukaa safari nzima. Zilikuwa zimebaki chache kutimia.

Denver, ambako alikuwa abadilishe ndege ya kwenda Spokane, kijana wa mapokezi kwenye ukumbi wa mapumziko alimwona kabla hajafungua mkoba. Aliitwa Lamar. Ofelia aliwahi kumshonea kifungo cha kizibao chake, na tangu siku hiyo kijana hakumwita jina lingine.

"Mama wa Vifungo. Kiti chako cha dirishani kiko wazi."

Alikaa, akavaa subana kidoleni, akatoa koti moja. Mabwana walipita na sahani za jibini wakimtazama mwanamke anayeshona katikati ya watu wenye kompyuta. Yeye hakuwatazama. Nampenda Ofelia kwa jambo hilo, kwamba popote unapomweka, pale ndipo duka lake lilipo. Alikuwa hajakata uzi Lamar alipokuja na kuchuchumaa karibu na kiti.

"Ndege yako imeharibika, mama. Wanasema kesho mchana."

"Kesho asubuhi watoto wanashindana."

"Nimeangalia. Shirika jingine linaruka sasa hivi kwenda Spokane. Kimebaki kiti kimoja, cha mbele." Akamwonyesha bei kwenye simu, naye Ofelia akairudisha simu haraka. Makoti yote tisa hayakufika bei hiyo. "Ila kwa pointi kinapatikana. Zitakwisha karibu zote, lakini kinapatikana. Amua upesi, hakitakaa."

Akampigia Nelda.

"Ndiyo nilikuwa nawatafuta benki," Nelda alisema. "Una nini?"

Ofelia akamweleza. Upande wa pili ikasikika redio ya duka ikizimwa.

"Si uwatumie hayo makoti kwa ndege hiyo kama mzigo, mwalimu ayapokee? Watoto wavae, waimbe. Vipimo si ulichukua mwenyewe?"

"Nilichukua mwenyewe. Lakini kuna mtoto ana bega, dada."

"Bega gani?"

"La kulia. Limeshuka, na mfupa wa nyuma umetokeza. Anavaa sweta kubwa hata kwenye joto. Nilimpima, nikanyamaza. Sidhani kama anajua kuwa nilijua."

"Umeweka nini ndani?"

"Sponji nyembamba, tabaka tatu, nimezishikiza tu. Bitana sijaifunga."

"Hukuifunga."

"Ningeifungaje bila mwili wake? Mtoto anakua. Ikizidi kidogo, ndiyo kila mtu ataliona."

Nelda alivuta pumzi. Ofelia alimfahamu; alijua vidole vile vilivyopinda vilikuwa vinasugua sponji isiyokuwepo.

"Hapo lazima uwepo wewe mwenyewe," Nelda alisema.

"Ni pointi zako."

"Nani kakuuliza? Kata tiketi. Zikishaisha hizo, kadi haina kazi tena, naifunga leo leo."

"Ifunge, dada."

Alikata tiketi, Lamar akimwelekeza pa kubonyeza. Kwenye ndege walimkalisha mbele, kwenye kiti kipana, wakamletea kitambaa cha moto cha kunawia. Alikaa wima njia nzima, hakukilaza kiti. Aliniambia baadaye kwamba aliona haya, na mimi sikumuuliza alimwonea haya nani.

Mwalimu wa bendi alimchukua Spokane kwa pikapu lake mpaka kwenye bonde la matufaa, na watoto walikuwa wanamngoja kwenye chumba cha muziki. Wanane walivaa, wakajigeuza, wakacheka, wakapigana picha. Wa tisa, Yaretzi, mpiga fidla, alisimama ukutani na sweta lake.

"Mimi nitavaa kesho, Bi Ofelia."

"Kesho hutanipata, nitakuwa nimelala. Njoo huku."

Akamwingiza kwenye stoo ya ala akafunga mlango. Alimgeuzia mgongo mpaka aliposikia sweta linavuliwa, kisha akamvisha koti, akapitisha kiganja taratibu kutoka shingoni mpaka kwenye bega. Tabaka tatu zilikuwa nyingi. Msichana alikuwa amerefuka tangu vuli alipopimwa, na bega lilikuwa limehama kidogo. Ofelia alitoa sponji moja, akaipunguza nyingine kwa mkasi, akaichomeka tena, akapitisha kiganja. Akarudia. Yaretzi alikuwa amejikaza mwanzoni. Baadaye akawa anapumua tu.

"Ulijua," msichana alisema.

"Nilikupima."

"Ulimwambia mwalimu?"

"Mwalimu anashona?"

Yaretzi akacheka puani. Ofelia alifunga bitana koti likiwa mwilini, mishono midogo ya kuficha, kama alivyofundishwa. Kisha akamsogeza mbele ya kioo cha kabati. Msichana alijitazama kwa muda mrefu, akageuka upande, akageuka mwingine. Alichukua fidla yake, akaiweka begani, akatoka nje kwa wenzake, na sweta akaliacha sakafuni.

Ofelia aliliokota, akalikunja, akakaa juu ya sanduku la gitaa akalia kidogo. Kwa ajili ya nani, Yaretzi au Nelda, sijui. Pengine wote wawili.

Jumapili aliingia dukani na sanduku tupu. Nelda alikuwa mezani, hakuinua kichwa.

"Bega lilikaa?"

"Lilikaa. Alivaa siku nzima, hata kwenye chakula."

"Walishika nafasi ya ngapi?"

"Ya nne."

"Majaji vipofu."

Ofelia alitoa kadi kwenye mkoba akaiweka mezani. "Chukua. Haina kitu tena, hata cha kutupeleka Dallas."

"Irudishe mkobani."

"Si umeifunga?"

"Ada imekatwa Ijumaa," Nelda alisema, akiendelea kupanga risiti. "Nilisahau kupiga simu."

Ofelia alimtazama. Nelda alikuwa ameshughulika sana na risiti zile, akizinyoosha moja moja kwa kiganja ingawa hazikuwa zimekunjana. Chini ya mkasi mkubwa kulikuwa na picha mbili ndogo za pasipoti, bado zimeshikana. Mwanamke wa kwenye picha alivaa hereni zake za Pasaka, nywele amezibana kwa maji, mdomo ameufumba kama mtu anayetaka kulalamikia bei.

"Nani kakupiga picha?"

"Kijana wa duka la dawa, wana kamera pale. Kaniambia nisitabasamu. Nikamwambia sikuwa na mpango huo."

Ofelia alizishika picha pembeni, asiziachie alama ya kidole, akazipeleka dirishani penye mwanga.