Shukrani ya Tarumbeta Nane

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi kali. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na ukisimama mlangoni mwa kanisa huwezi kuiona kengele iliyo hatua ishirini tu mbele yako. Nilimshukuru Mungu kwa kuniamsha mzima, nikabeba tarumbeta yangu ya besi begani, nikapanda kilima. Kabla sijafika nusu ya njia umande ulikuwa umeingia ndani ya viatu.

Kanisa letu dogo la Kilutheri liko juu ya Mlola, na kikundi chetu cha tarumbeta kina wapigaji wanane. Tarumbeta ni za zamani. Mbili zimezibwa na fundi wa masufuria, na yangu ina kitufe kimoja ambacho lazima ukiombee kidogo ndipo kishuke. Siku zote tumepiga nyimbo za kitabuni, zile ambazo kila mtu anazijua maneno yake. Siku hiyo tulikuwa tunakwenda kupiga kitu ambacho hakipo katika kitabu chochote.

Mwalimu wetu ni Nathanaeli, fundi cherehani wa pale sokoni Mlola. Nota alifundishwa na mwinjilisti mmoja wa zamani ambaye sasa ni marehemu, na kwa miaka kumi na miwili amekuwa akitunga tuni zake mwenyewe. Huziandika nyuma ya kalenda zilizopita. Hutunga huku anashona, mguu ukiwa kwenye cherehani na mdomo ukivuma sauti ya pili. Kwa sababu hiyo suruali ya mwalimu mkuu iliwahi kutoka na mguu mmoja mfupi. Alipolalamika, Nathanaeli alimjibu kwa upole, "Samahani sana, mwalimu. Sauti ya tena, ile ya tatu, ilikuwa imenikatalia." Akaishona upya bure.

Tuni zake zote hazina maneno. Nyingi tulizipiga mazoezini tu, kwa kujifurahisha, milango ikiwa imefungwa. Lakini hii moja ilikuwa tofauti, na sisi wote tulijua kwa nini.

Mwaka uliopita mke wake, Beatha, aliugua, akalazwa hospitali ya Bumbuli. Alikaa miezi, akatoka, akarudishwa. Usiku mmoja Nathanaeli alisimama kwenye baraza ya wodi akamwekea Mungu nadhiri. Alisema, "Ukimrudisha nyumbani kwa miguu yake, nitakushukuru kanisani mbele ya watu wako kwa kitu bora kuliko vyote nilivyo navyo." Beatha alirudi. Alipanda kilima kwa miguu yake mwenyewe, akisimama kila baada ya shamba moja kupumua. Nathanaeli alikaa chini kuandika shukrani, akatafuta maneno, akaona yote ni madogo. Basi akaandika tuni. Iliandikwa kwa miezi mitano.

Ibada ya shukrani ilikuwa imepangwa kesho yake, Jumapili. Ila wazee wa kanisa walisema hawajawahi kuruhusu kitu kisicho na maneno kiingie katika ibada. Wangekuja kusikiliza kwanza, kisha waamue. Neno lao lingekuwa la mwisho. Wakikataa, nadhiri ya Nathanaeli ingebaki mikononi mwake kama mtu aliyeleta sadaka akakuta mlango umefungwa.

Kwa kawaida mazoezi tunafanyia ndani. Lakini Alhamisi mafundi walikuwa wamemwaga sakafu mpya, wakatuambia tusikanyage saruji mpaka Jumamosi jioni. Kwa hiyo tulipanga viti nje, ukingoni mwa kilima, tukielekea bondeni. Wazee watano walikaa kwenye benchi moja, wamejifunika makoti. Beatha alikaa kwenye jiwe na chupa yake ya chai.

Mwenyekiti wa wazee ni Mzee Aron. Ni mtu wa haki, na hapendi mchezo. Wiki nzima alikuwa akikohoa, lakini alikuja.

"Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe."

"Amina, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kabla hamjaanza, zimeni simu. Wote. Na ninyi wazee wenzangu. Sitaki simu ya mtu ituharibie kazi."

Tukazima simu. Mzee Aron alizima yake wa kwanza, akaitia mfukoni.

Nathanaeli alituangalia mmoja mmoja. Aliponifikia mimi alinong'ona, "Mama Heri, wewe ndiye unayeanza. Usiogope. Pumua kama mtu anayemwinua mgonjwa." Niliomba kimoyomoyo, ee Bwana, kishushe hiki kitufe, nikaanza.

Mwanzo wa tuni ile ni besi peke yake, chini sana, polepole. Kisha wapigaji wa sauti ya tena wanaingia, wawili, kama watu wanaoongea kwa sauti ndogo karibu na kitanda. Hukaa hapo muda mrefu. Halafu sauti ya kwanza inapanda hatua moja, inapumzika, inapanda nyingine, inapumzika, na ghafla zote nane zinatembea pamoja. Mimi huwa siwezi kupiga sehemu ile bila kutaka kucheka. Nakiona kilima, namwona Beatha na fimbo yake.

Tulipomaliza, wazee walinong'onezana.

"Rudieni," alisema Mzee Aron.

Tukarudia yote. Ukungu ulikuwa mzito, sauti ikawa inaingia ndani yake na kupotea bondeni. Tulipomaliza mara ya pili, wazee walikwenda nyuma ya kanisa kushauriana. Walikaa huko hata chai ya Beatha ikaisha. Waliporudi, niliwatazama usoni mmoja mmoja.

"Mwalimu," Mzee Aron alisema, "umefanya kazi nzuri. Mungu amekupa kipaji, hilo hatubishani. Lakini nikuulize. Yule bibi anayekaa benchi la mwisho, asiyejua nota, asiyejua habari za nyumbani kwako, atajuaje kama hapa tunashukuru au tunalia? Wimbo wa kanisa lazima useme kitu. Utie maneno. Beti mbili tu zinatosha. Hata mimi naweza kukusaidia."

"Nilijaribu, Mzee. Kila neno nililotia lilikuwa kama kiraka."

"Wewe si fundi wa viraka?"

Wazee wakacheka. Nathanaeli naye alijaribu kutabasamu, ikashindikana.

"Mzee, nilimwahidi Mungu kitu bora kuliko vyote nilivyo navyo. Nikitia maneno, nitakuwa nimemletea kitu cha pili yake. Siwezi."

"Basi na sisi hatuwezi," alisema Mzee Aron. Hakusema kwa ukali. "Kesho mpige wimbo wa kitabuni."

Nathanaeli aliitikia kwa kichwa. Alitoa kitambaa, akaanza kufuta tarumbeta yake polepole, kama mtu anayefunga kazi ya siku nyingi. Beatha alishuka kwenye jiwe akaja kusimama karibu naye. Mimi nilitazama chini nikaomba, na hata maombi yenyewe yalikuwa yamekwama.

Ndipo tukasikia kilio ndani ya ukungu.

Kilikuwa kilio cha mwanamke, kinapanda. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wengi, na miguu, na kuni zikigongana. Tukatazamana. Hapo ndipo nilipokumbuka, na nadhani sote tulikumbuka wakati mmoja, kwa maana Nathanaeli aliishika midomo yake kwa mikono miwili.

Huku kwetu tarumbeta zikilia nje juu ya kilima siku isiyo Jumapili, maana yake ni moja tu. Kuna msiba. Mtu akisikia huweka jembe chini, huchukua alicho nacho, huja. Imekuwa hivyo tangu kabla sijazaliwa. Na sisi tulikuwa tumekaa ukingoni kabisa, tukapiga mara mbili, mwanzo wake ukiwa wa polepole kama kaburini, simu zote zikiwa zimezimwa.

Wa kwanza kutokea alikuwa Sesilia, mdogo wake Mzee Aron, ambaye nyumba yake iko chini tu, karibu na kijito. Alikuwa pekupeku, kanga imemwanguka begani.

"Kaka yangu! Jamani, kaka yangu! Nimekupigia simu mara sita! Kile kikohozi, nilijua, nilisema..." Akamwona Mzee Aron amesimama mbele yake na koti lake. Akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Uko hai?"

"Mimi niko hai, Sesilia. Kwani nani amekuambia nimekufa?"

"Simu yako imezimwa! Tangu lini wewe unazima simu?" Alimpiga begani kwa kiganja, akampiga tena, kisha akamkumbatia, akaanza kulia upya.

Wakati huo ukungu ulikuwa unawatoa watu wengine. Wanawake na mizigo ya kuni, wanaume na majembe, mmoja na mkungu wa ndizi kichwani. Hamida, mwenye duka la pale njia panda, mtu wa Tanga mjini, alikuwa na mfuko wa maharage kilo kumi na jasho usoni.

"Haya, nani katutoka?" aliuliza. "Nimefunga duka, nimeambiwa ni Mzee Aron, mwingine kaniambia ni mama Beatha. Sasa wote nawaona wamesimama. Tumzike nani?"

"Hakuna aliyekufa, dada," Nathanaeli alisema, amejaa aibu. "Tulikuwa tunafanya mazoezi."

"Mazoezi! Nje, juu ya kilima? Na maharage yangu?"

Mtu mmoja alianza kucheka, mwingine akafuata, na baada ya hapo haikuwezekana kuwazuia. Mwenye ndizi aliutua mkungu akakaa chini akicheka, akisema kwa Kishambaa kwamba Mzee Aron ndiye mtu wa kwanza kuhudhuria msiba wake mwenyewe kwenye benchi la mbele. Wazee wenzake walicheka mpaka wakakohoa kuliko yeye.

Mzee Aron peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama dada yake, ambaye sasa alikuwa amekaa, anajifuta uso.

"Sesilia, una nini tena? Nimeshakuambia niko hai."

"Nina aibu, kaka."

"Aibu ya kukosea? Kila mtu amekosea."

"Si hiyo." Aliinamisha kichwa. "Niseme kweli? Tarumbeta zilipoanza nilijua ni wewe. Nikatoka mbio nalia. Nafika pale kwenye ule mti wa njiani, zikageuka. Zikaanza kupanda hivi, zinapumzika, zinapanda. Na moyo wangu ukawa mwepesi, kaka. Machozi yakakauka. Nikajikuta natembea kwa kufuata ile tuni, nusura nicheke. Nikajiambia, Sesilia, una roho gani wewe? Ndugu yako mmoja uliyebaki naye amekufa, na wewe unafurahi njiani? Nikajilazimisha kulia tena mpaka nikafika hapa. Nisamehe."

Hakuna aliyekuwa anacheka tena.

"Ulisikia nini pale zilipogeuka?" Mzee Aron aliuliza polepole.

"Sijui nota mimi. Nilisikia kama mtu aliyekuwa amelala ameinuka, anakwenda nyumbani kwao, na watu wake wanamwona kwa mbali."

Beatha alijifunika uso kwa kanga. Nathanaeli alisimama na kitambaa chake mkononi, amesahau kufuta.

"Nani kakueleza habari hiyo?" Mzee Aron alimuuliza dada yake.

"Habari gani?"

Mzee Aron aligeuka akawatazama wazee wenzake kwenye benchi. Mmoja wao alitikisa kichwa taratibu, akasema, "Mghoshi," akimwita kwa heshima ya Kishambaa, "anakaa benchi gani kanisani dada yako huyu?"

"La mwisho," alisema Mzee Aron.

"Basi mimi sina swali."

Mzee Aron alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja. Najua mtu mzima akitakiwa kugeuza neno lake mbele ya watu ni kazi ngumu, na nilimwombea. Hatimaye alimwendea Nathanaeli, akamshika mkono.

"Mwalimu, nilikuuliza bibi wa benchi la mwisho atajuaje. Amejua. Amejua hata akiwa amebeba msiba wangu kichwani. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwako nikitafuta maneno. Unisamehe."

"Mzee, hujanikosea."

"Nimekukosea. Kesho utatimiza nadhiri yako."

"Amesemaje?" mtu wa nyuma aliuliza.

"Amekubali!"

"Amekubali nini? Sisi tumepanda na kuni, tunataka kusikia."

"Sema kwa nguvu, kaka," Sesilia alisema. "Uwaambie wote. Si unajua watu wa hapa, jioni utaambiwa umesema kingine."

"Na mimi nisikie," Hamida alisema. "Kesho nitafunga duka tena, nije nisimame hata mlangoni. Naomba niwe shahidi."

Mzee Aron alivua kofia yake. Watu waliweka chini kuni na majembe, wakasogea karibu mpaka tukawa duara moja, Waislamu na Wakristo, wazee na sisi wapigaji na tarumbeta zetu mapajani. Alisafisha koo, akainua mkono wa kulia.

"Mimi Aron, mwenyekiti wa wazee wa mtaa huu, naahidi mbele za Mungu, na mbele yenu ninyi mliokuja kunizika: kesho, kabla ya mahubiri, shukrani ya mwalimu Nathanaeli na mkewe itapigwa ndani ya kanisa, yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na sisi wazee tutasimama. Na siku zote nitakazokuwa kwenye kiti hiki, hakuna mtu atakayeitia neno hata moja, nami nikiwa wa kwanza kukatazwa."