Akala ya Kushoto

Jumatatu moja mwaka 1993, saa nne asubuhi, Parmuat aliingizwa katika kituo kidogo cha polisi kati ya Kitengela na Kajiado. Akavuliwa mshipi na akala moja ya tairi, ya kushoto, kama mahabusu yeyote, asije akatoroka. Kosa lake ni kukataa kutoa ng'ombe kwenye shamba ambalo mkubwa fulani alikuwa amejiuzia. Jina lake halikuandikwa kitabuni. Jumatano hakuwa seli, wala popote.

Mkuu wa kituo, Inspekta Khisa, alipandishwa cheo, akapelekwa Bosnia kulinda amani ya wengine. Akala ile ilimfikia huko wiki ya tatu, kwa mguu wake mmoja, kamba zimejaa theluji. Khisa akaifungulia mlango. Alipohamishiwa Timor, ilifika imekauka chumvi. Huko Sierra Leone ilimtangulia kwa siku mbili. Kule Khisa alikuwa hodari: alifundisha polisi kwamba mama ana haki ya kuonyeshwa kaburi la mwanawe. Akapewa nishani. Kwa hilo hasa.

Mwaka 2004 akarudi, Kamishna Msaidizi mzima. Hema likasimamishwa kwake Kitengela, mbuzi wakachinjwa. Naisenya, mamake Parmuat, akaja na akala ya kulia, aliyoiokota nyuma ya kituo mwaka ule.

"Takwenya, yeiyo," Khisa akamwamkia mama huyo kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia Naisenya. "Nimekuja na ile swali ya kila mwaka. Mtoto yangu uliweka wapi?"

Akala ya kushoto ikatoka chini ya meza kuu, ikasimama kando ya mwenzake. Wageni walivuta miguu kuipisha.

"Si hiyo ni pea?" akasema Mumbi, jirani, akiguguna ubavu. "Mpatieni mama aende."

"Hiyo ni mali ya mahabusu," akasema mkuu mpya wa kituo. "Lazima itiwe sahihi kwa jina la mwenyewe. Na kitabu hakina mahabusu kama huyo."

"Kwa hivyo ni ya nani?" akauliza Naisenya.

"Hapo ndipo kuna shida, mama."

Khisa alikuwa anakata keki.

Akala ikapelekwa kituoni, ikaandikwa kitabuni, tarehe na saa: moja, ya kushoto, kosa kuzurura. Ikafungiwa seli. Khisa akaenda Liberia, mara hii bila kufuatwa.

Kila Jumapili Naisenya hupanga foleni na wanaoleta chakula cha mahabusu. Huiuliza akala swali lile lile. Nayo hugeuka, ikaelekeza ncha nyuma ya kituo, pale palipomwagwa simiti paegeshwe Land Rover. Askari wa zamu huona vizuri kabisa.

"Dakika tano zimeisha, yeiyo."